Kozi ya siku tatu ya falsafa na watoto: duara ni rahisi, kazi iko kwenye swali la pili

Tuanze na hukumu, ili mwenye haraka asipoteze nauli. Kozi hii, ya kumfundisha mwalimu kuongoza watoto waliokaa duara wajadili maswali yasiyo na jibu moja, inamfaa mwalimu wa Gredi ya 3 hadi ya 6 atakayekwenda na mwenzake wa shule moja, na ambaye muhula ujao atapata nafasi ya kuijaribu kila wiki. Anayekwenda peke yake, au shule inayotafuta cheti cha kutundika ofisini kwa mwalimu mkuu, atakuwa amelipia michezo mizuri na chai ya saa nne.

Mtoaji hatumtaji, kwa sababu kasoro zilizopo si zake peke yake. Kozi fupi za aina hii hufanana: siku tatu za likizo, saa sita kwa siku, ukumbi wa shule, kitabu cha mwezeshaji, kadi za maswali, na kijimpira laini cha kurushiana zamu ya kusema. Iliyopimwa hapa ilichukua walimu 24. Kuhusu kijimpira, kiacheni kwenye begi. Kila mrusho unakula sekunde nne au tano, kinamwangukia asiyetaka kusema, na watoto wa Gredi ya 4 wakikiona huwaza kudaka wakaisahau hoja.

Asubuhi ya kwanza ni historia, na imepangwa vizuri. Matthew Lipman alikuwa akifundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akaona wanafunzi wanafika chuoni bila kujua kupima hoja, na kwamba kuwaanzishia hapo ni kuchelewa. Mwaka 1974, yeye na Ann Margaret Sharp wakaanzisha taasisi ya falsafa kwa watoto huko Montclair State, New Jersey. Lipman hakuandika vitabu vya kiada, aliandika riwaya za watoto. Katika ya kwanza, mvulana aitwaye Harry anagundua kwamba sentensi yenye neno “yote” ukiigeuza ukweli wake unaweza kupotea, ilhali yenye “hakuna” ukiigeuza inabaki kweli.

Zoezi la kugeuza sentensi ndilo bora katika kozi nzima, na linaingia Kiswahili bila kulazimishwa. Matatu zote ni magari. Geuza: magari yote ni matatu. Uongo. Hakuna mbuzi aliye ndege. Geuza: hakuna ndege aliye mbuzi. Kweli vilevile. Wape watoto jozi sita, wawili wawili, dakika kumi. Kisha waletee sentensi inayouma: wezi wote hutembea usiku, je, kila atembeaye usiku ni mwizi? Mtoto ambaye babake ni mlinzi wa usiku atajibu kabla hujamaliza kuuliza, na hapo darasa zima litaona mantiki ni ya kazi gani.

Lakini historia ya kozi inaishia Marekani na Uingereza, na kwa kozi inayotolewa Nairobi hilo linaudhi. Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi na kufariki mwaka 1995, alitoka chuoni akaenda kuwahoji wazee vijijini. Alitenganisha wenye hekima wa aina mbili: anayeijua barabara hekima ya jamii yake na kuisimulia, na anayeijua kisha akaipima, akakubali hili na kukataa lile kwa sababu. Tofauti hiyo ndiyo mwalimu anayoitafuta darasani. Mtoto anayesema “wahenga walisema” akakaa chini yuko upande wa kwanza. Anayeuliza wahenga walikuwa wakimwambia nani ameanza kuvuka. Nusu saa ya Oruka ingemfaa mwalimu wa mtaa wa Kayole kuliko slaidi zote za majina ya Kigiriki.

Hatua za kipindi hutolewa alasiri. Kuna kichocheo, yaani hadithi, picha au kitu, dakika moja ya kimya, watoto kutunga swali katika vikundi vya wanne, maswali kuandikwa ubaoni, kura, maneno ya kwanza kutoka kwa waliotunga swali lililoshinda, mjadala, maneno ya mwisho, na tathmini fupi ya jinsi mjadala ulivyokwenda. Kitabu kinayaweka yote haya ndani ya saa moja. Saa hiyo haipo. Kipindi cha Gredi ya 4 hadi ya 6 ni dakika 35, na cha Gredi ya 1 hadi ya 3 ni dakika 30. Walimu waliouliza waliambiwa “mtarekebisha mkifika”, jibu ambalo mtu aliyelipa ada hapaswi kupewa.

Marekebisho yenyewe si magumu. Kata kazi mara mbili. Kipindi cha kwanza: dakika 8 za kichocheo, 1 ya kimya, 10 za kutunga maswali, 8 za kuyaandika na kuyapanga, 5 za kura. Nakili swali lililoshinda kwenye karatasi ya manila uibandike ukutani. Kipindi cha pili, siku mbili baadaye: dakika 3 za kukumbushana, 22 za mjadala, 5 za maneno ya mwisho, 3 za tathmini. Pengo hilo la siku mbili lina faida mbili: watoto hulibeba swali hadi nyumbani, na wewe unapata jioni ya kuandaa maswali ya kufuatilia. Kwa Gredi ya 3, yenye dakika 30, toa dakika tatu kwenye kutunga maswali na tano kwenye mjadala.

Vichocheo ndivyo udhaifu wa kitabu. Hadithi zake ni za kutafsiriwa, zina theluji na mabweni ya wachawi wadogo, na karibu kila moja ina funzo linalochungulia mlangoni. Darasa la Kenya limezoea kwamba hadithi ikiisha mwalimu huuliza “hadithi hii inatufunza nini?”, na mikono ishirini hupanda: inatufunza tusiwe walafi. Likishatoka jibu hilo, hakuna tena cha kujadili. Tafuta hadithi isiyo na funzo moja. Ile ya Abunuwasi na harufu inatosha muhula mzima: maskini anakula ugali mkavu karibu na jiko la tajiri ili ateremshie na harufu ya nyama, tajiri anadai alipwe, Abunuwasi anamlipa kwa mlio wa sarafu. Watoto watacheka. Wakishacheka, swali bado liko pale: harufu ni ya nani? Kitu kikitoka kwako kikapita kwa jirani, bado ni chako? Hawakawii kufika kwenye muziki wa matatu, moshi wa jiko la chini, na waifai ya duka la jirani.

Kichocheo kingine hakigharimu hata karatasi. Andika ubaoni methali mbili zinazopingana, usiseme neno. “Haraka haraka haina baraka” na “Ngoja ngoja huumiza matumbo.” Au “Kidole kimoja hakivunji chawa” na “Manahodha wengi, chombo huenda mrama.” Kosa la kawaida hapa ni mwalimu kukimbilia kupatanisha: “zote ni kweli, inategemea.” Inategemea nini? Hilo ndilo swali, nawe umeshalifunga. Kama watoto wenyewe watasema inategemea, waambie wataje hali mbili, moja ambayo methali ya kwanza inashinda na nyingine ambayo ya pili inashinda, na kitu kinachozitofautisha hali hizo.

Asubuhi ya pili inafundisha kuainisha maswali kwa mraba wa sehemu nne wa Mwaustralia Phil Cam, na hapa kozi inastahili sifa. Kwa hadithi ya harufu: maskini alikula nini? Jibu limo hadithini. Tajiri alifanya nini kesho yake? Jibu ni la kubuni. Harufu hufikaje puani? Muulize mwalimu wa sayansi. Mtu anaweza kumiliki asichoweza kukishika? Hilo ni la kukaa na kufikiri pamoja. Gawa ubao kwa mistari miwili na uwaache watoto wenyewe waseme kila swali liende sehemu gani. Yasiyo ya kujadiliwa usiyafute. Yaache mahali pake, maana mtoto aliyefutiwa swali leo hataleta jingine wiki ijayo.

Kura nayo ina mtego ambao kozi haikuugusa. Wakipiga kwa kuinua mikono, swali linaloshinda ni la kijana anayependwa, hata liwe la ovyo. Wape kila mmoja kura mbili na waambie wafumbe macho, au maharagwe mawili ya kuweka kwenye vifuniko vya chupa vilivyopangwa chini ya maswali. Ondoa majina ubaoni hadi kura iishe.

Sasa twende kwenye swali la pili. La kwanza liko kwenye kadi, mtu yeyote anaweza kulisoma. La pili linategemea alichosema mtoto sekunde mbili zilizopita, kwa hiyo halimo kwenye kadi yoyote. Tazama tofauti. Mtoto anasema: “Harufu si ya mtu.” Mwalimu wa kwanza: “Vizuri sana, mpigieni makofi. Nani mwingine?” Mjadala umekufa, kila atakayefuata atatafuta makofi. Mwalimu wa pili: “Unamaanisha haiwezi kuwa ya mtu yeyote, au si ya tajiri huyu tu?” Haiwezi, mwalimu, huwezi kuishika. “Kwa hiyo kisichoshikika hakina mwenyewe?” Ananyamaza. Kutoka nyuma ya darasa: “Lakini wimbo haushikiki na una mwenyewe.” Mwalimu hajatoa maoni hata moja, na watoto wawili wamefanya kazi ambayo kitabu kinaieleza kwa kurasa tatu.

Maswali ya pili yenye kazi ni machache, na mwalimu anaweza kuyakariri kwenye basi: toa mfano, kuna mfano unaokataa?; unatumia neno hilo kwa maana gani?; hilo likiwa kweli, nini kinafuata?; ulichosema kinakubaliana na alichosema mwenzako au kinapingana nacho?; tulikotoka na tulipo sasa, swali letu limebadilika? Ugumu uko kwenye kuchagua lipi, lini, na kunyamaza baada ya kuliuliza. Mary Budd Rowe alichunguza jambo hili Marekani miaka ya 1970 akakuta walimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza; wakifikisha sekunde tatu, majibu ya watoto hurefuka na sababu huongezeka. Sekunde tatu mbele ya darasa ni ndefu. Hesabu vidole vya mkono nyuma ya mgongo.

Ujuzi huu haupatikani kwa kusikiliza, na hapa ndipo kozi inapoanguka. Walimu 24 waligawanywa makundi manne ya sita, na kila mmoja akaongoza kwa dakika 12. Dakika 12 katika saa 18. Tena mbele ya walimu wenzake, watu wazima wenye adabu wanaoinua mkono, wanaojua unachotaka, na wasioomba ruhusa ya kwenda msalani. Siku ya tatu watoto 16 waliletwa, wasafi, wa kukaa mstari wa mbele, na mwezeshaji akaongoza mwenyewe. Aliongoza vizuri mno. Kumtazama fundi akishona hakukufanyi ushone.

Kuna jambo la lugha ambalo kozi iliyotungwa kwa Kiingereza haikuliona. Kwanza, “kwa nini?” Kwa mtoto wa Nairobi, mwalimu akiuliza “kwa nini umesema hivyo?” anasikia amekosea, na mara nyingi atabadilisha jibu palepale. Tumia “tupe sababu” au “nini kinakufanya uone hivyo?” kwa sauti ileile unayotumia kuuliza habari za nyumbani. Pili, kadi zinauliza “je, ni sawa?” zikikusudia haki. Kwa Kiswahili “sawa” ni kulingana, ni kukubali, ni salama. Watoto wataitika “ni sawaaa” kama wanavyoitikia tangazo la gwaride. Ukiuliza “je, ni haki?” nako kuna kona: “haki” ni stahili ya mtu na pia ni uadilifu. Usiikimbie kona hiyo, iulize. “Ni haki yake” na “ni haki kumfanyia hivyo” ni kitu kimoja? Gredi ya 6 wanaweza kukaa hapo kipindi kizima. Vilevile kujua, kuamini, kudhani na kuona; Kiswahili kimekupa vitofautishi bure.

Katika vikundi vya wanne waacheni waongee Sheng. Hoja huzaliwa kwa lugha ya nyumbani, kisha huvalishwa sare ikija duarani. Na msiufanye mdahalo: neno “wapinzani” likishatajwa, pande mbili zitaundwa na hakuna atakayebadili mawazo mbele ya upande wake. Ugonjwa wa upande wa pili ni “kila mtu ana maoni yake”. Mtoto akisema hivyo, mwulize kama maoni mawili yanaweza kuwa na sababu zenye uzito usiolingana. Swali la Mungu litakuja, kwa kawaida kufikia mjadala wa nne. Mwalimu haamui. Anaweza kuelekeza kwenye lile linalojadilika, kwa mfano kutii na kukubali vina tofauti gani, na mzazi akiuliza, karatasi ya manila iko ukutani aisome mwenyewe.

Ukubwa wa darasa kozi iliupitia kwa sentensi moja. Tufanye hesabu. Watoto 60, dakika 20 za mjadala: sekunde 20 kwa kila mtoto, kama mwalimu hatasema neno. Duara la watu 60 katika chumba chenye madawati ya kukaliwa na watatu ni ndoto, na kusogeza madawati kunakula dakika sita na kumkasirisha mwalimu wa darasa lililo ghorofa ya chini. Fanya duara la ndani la watoto 15, sakafuni mbele au nje chini ya kivuli. 45 wabaki mahali pao wakiwa na kazi, si watazamaji. Kila kundi la watatu lifuatilie msemaji mmoja na kuweka alama kila anapotoa sababu au mfano. Nusu ya muda ikifika, 15 wengine waingie, na wa kwanza kusema awe aliyekuwa akifuatilia. Hapo kila mtoto wa ndani ana kama sekunde 40, na wa nje wanasikiliza kwa sababu watadaiwa.

Slaidi moja ya ushahidi iondolewe au ikamilishwe. Ilionyesha jaribio la Uingereza lililotolewa ripoti mwaka 2015, shule 48, ambapo watoto walioshiriki falsafa walisonga mbele kama miezi miwili zaidi katika kusoma na hesabu. Ni kweli. Haikusema kwamba jaribio kubwa zaidi, ripoti yake ikitoka mwaka 2021, halikupata faida hiyo katika kusoma. Mwalimu akimwahidi mwalimu mkuu kwamba alama zitapanda, anajitia kitanzi. Ahadi anayoweza kuitetea ni ndogo: watoto watatoa sababu bila kuombwa, na watasikilizana zaidi.

Ahadi hiyo inatosha kwa mtaala wetu wa Kenya. Uwazaji kina na utatuzi wa matatizo ni mojawapo ya umilisi wa kimsingi saba, na kila mada ndogo ya mtaala ina nafasi ya swali dadisi. Usiombe kipindi kipya kwenye ratiba, hutapewa. Andika mjadala chini ya Kusikiliza na Kuzungumza katika andalio la somo la Kiswahili. Kwenye rubriki, yaani jedwali la kutathmini, usipime ufasaha, maana utamzawadia msemaji yuleyule kila wiki. Pima mambo matatu: ametoa sababu, ametoa mfano au mfano unaokataa, amebadili au ameboresha msimamo na kueleza kwa nini. Tazama watoto sita tu kwa kila mjadala. Darasa la 60 linaisha kwa mijadala kumi, na muhula unatosha.

Kabla ya kulipa, uliza mambo haya kwa simu. Nitaongoza kwa dakika ngapi? Chini ya 30, bei ishuke. Watoto watakaoletwa ni wangapi na wamechaguliwaje? Kuna mtu atakayekuja darasani kwangu baadaye, au nitaongezwa tu kwenye kikundi cha WhatsApp? Na kama unahitaji kozi ihesabiwe katika mafunzo ya maendeleo ya kitaaluma ya TSC, tume inayoajiri walimu, uliza kama inatambuliwa. Cheti cha kuhudhuria peke yake hakisemi hivyo.

Kozi ikikosa mtu wa kuja, ndipo yule mwenzako wa shule moja anapohitajika. Akae nyuma na karatasi yenye safu tatu: mwalimu amesema, mtoto amemjibu mwalimu, mtoto amemjibu mtoto. Kila kauli ni kijiti kimoja, dakika 22, bila maoni. Mara ya kwanza safu ya kwanza huwa ndefu na ya tatu karibu tupu. Tieni tarehe, mbadilishane zamu, mrudie baada ya wiki nne kwa darasa lilelile na hadithi nyingine.